Siku ya Mtihani, Mwezi Ulikuwa Wapi?

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumatatu, mwanangu, hapa hapa Kalemie, zamani za Zaire, wakati wanaume wa ofisi walivaa abakosti, lile koti lisilo na tai, na kila mtu aliitwa sitwayeni, yaani raia. Tulikuwa tumemaliza kupandisha bendera. Watoto walikuwa wakiingia darasani kwa mstari, na mimi nimesimama mlangoni, daftari la alama kwapani, kifua mbele. Mama mmoja akakata uwanja akaja moja kwa moja kwangu. Magamba ya samaki yalimng'aa mikononi mpaka kwenye viwiko.

"Njo weye mwalimu wa sita?"

"Ndiyo, Mama."

"Njo weye ulisema Riziki wangu hatafanya mutihani?"

Kabla sijakuambia nilimjibu nini, acha nikueleze nilikuwa mtu wa namna gani, maana kosa halieleweki bila mwenye kosa.

Nilikuwa kijana, nimeshuka kwenye treni miezi michache nyuma kutoka Lubumbashi, na sanduku la vitabu na diploma ya chuo kikuu. Baba yangu alikuwa karani wa reli. Tulikaa katika nyumba ya kampuni, ukuta wa matofali, baraza mbele, balbu katika kila chumba. Nilikuwa nangoja kazi kubwa ambayo haikuwa na haraka ya kuja. Mwalimu wa darasa la sita alipohamia Manono katikati ya mwaka, direkta wa shule ya mtaani akaniomba nimshikie darasa mpaka kiangazi.

Na mimi, mwanangu, nilikuwa mtu wa kuuliza. Nilimuuliza padri maswali mpaka akaanza kupita njia nyingine. Nilimuuliza baba yangu kwa nini anamvulia kofia mkubwa wake, na yule mkubwa havui yake. Nikisikia methali, niliuliza aliipima nani. Mtoto wa nyoka ni nyoka: sawa, lakini mtoto wa karani ni karani? Watoto wa darasani walinipa jina, Mwalimu Juu-ya-Nini, kwa sababu hakuna sentensi niliyoiacha ipite bila kuisimamisha njiani na kuiuliza, juu ya nini, yaani kwa nini? Sikuchukia. Nililivaa lile jina kama nishani.

Chuoni nilikuwa nimejifunza jambo ambalo ni kweli hata leo, kwamba mtoto haji shule peke yake. Anakuja na nyumba yao mgongoni. Nyumba yenye vitabu, yenye baba asomaye, yenye chakula cha asubuhi, inamsukuma mtoto. Nyumba isiyo na hayo inamvuta nyuma. Basi nilimtengenezea kila mtoto karatasi yake. Baba anafanya kazi gani? Kuna vitabu nyumbani? Kifaransa kinasemwa? Umeme upo? Nilipomaliza, nilijiona nimewajua wote, na hata mlango wa mmoja wao nilikuwa sijaupiga hodi.

Sasa, nafasi za shule ya sekondari zilikuwa chache, na direkta hakupenda shule yake iaibike. Aliniambia, "Uniletee majina ya wale ambao hawatatutia haya. Wengine watangoja mwaka kesho." Alikuwa mtu mnene, mpenda utani, mwenye abakosti ya kijivu iliyombana tumboni. Nikaandika orodha. Watoto wa reli na wa bandari waliingia karibu wote. Watoto wa wavuvi waliingia wawili.

Riziki hakuingia. Alikaa dawati la tatu karibu na dirisha, msichana mwembamba, mwenye maneno machache. Wazazi wake walikuwa watu wa ziwani waliotoka pande za kaskazini, njia ya Fizi, wakajenga ng'ambo ya mto Lukuga karibu na mchanga. Alama zake za interogasyo, yale majaribio ya kila juma, zilinisumbua. Juma moja sita juu ya ishirini, juma jingine kumi na tano. Tena saba, tena kumi na sita. Nikaangalia karatasi yake: baba mvuvi, vitabu hakuna, Kifaransa hakuna, umeme hakuna. Nikajiambia kwamba zile sita na saba ndizo zake. Zile kumi na tano, anachungulia kwa jirani. Nikamhamisha dawati mbele ya darasa zima, na sababu nikaisema kwa sauti.

Umeona, mwanangu? Mimi niliyetilia shaka padri, methali na kofia ya baba, sikulitilia shaka daftari langu hata dakika moja.

Basi yule mama, aliyeitwa Mama Asukulu kwa jina la mwanawe wa kwanza, hakuja kulia. Alikuja kudai maelezo. Nikampeleka kwa direkta, nikidhani biro, ofisi yake, itampunguza sauti. Biro haikumpunguza kitu.

"Mama," direkta akamwambia, "huyu mwalimu ametoka chuo kikuu. Kila kitu ameandika."

"Aandike, Papa Direkta. Mukono ni wake. Lakini mutoto wangu amemuita mwizi wa majibu mbele ya wenzake. Toka siku ile hali vizuri. Na sasa mutihani pia anamukatalia." Akanigeukia. "Nakuuliza kitu kimoja tu, mwalimu. Siku ya interogasyo, mwezi ulikuwa wapi?"

Nikacheka. Naona haya kukuambia, lakini nilicheka.

"Mwezi, Mama? Juu ya nini mwezi?"

"Aha! Kumbe kuuliza unajua."

Direkta akajikuna shingo kuficha kicheko. Mama Asukulu akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa, akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya sokoni. Unajua ndakala, wale samaki wadogo ambao wenzetu wa Kigoma wanawaita dagaa. Wanavuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa giza, wanaifuata taa ya mtumbwini, wanapanda juu, wanachotwa. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote ni jeupe, nani tena ataifuata taa ya mtu? Mitumbwi inalala mchangani mpaka mwezi upungue.

"Sasa sikia," akasema. "Nyumbani kwangu taa ni moja. Mwezi wa giza, taa inaenda ziwani na baba na Asukulu, na petroli yote ya taa inaenda nayo. Riziki atasomea nini, macho ya paka? Halafu alfajiri mitumbwi inafika, na ndakala haingojake kengele yenu. Lazima itandikwe muchangani, igeuzwe, ichungwe isiliwe na kunguru, kama sivyo inaoza. Tunaitandika na nani? Na Riziki. Anakuya kwako amechoka kama punda. Lakini mwezi ukiwa mukubwa baba yuko, taa iko, mutoto analala, anasoma, anakuya na kichwa chake mwenyewe. Weye unapima mutoto, ama unapima mwezi?"

Mtu mwenye busara angeomba msamaha pale pale. Mimi nilikuwa na diploma. Nikasema kwamba hadithi si ushahidi, kwamba kila mzazi ana sababu ya kumtetea mtoto wake, na kwamba uchovu kidogo hauwezi kuondoa alama tisa.

"Uchovu kidogo," Mama Asukulu akarudia. Alisimama. "Juma hili mwezi ni wa giza. Kuya muchangani, mwalimu. Ufanye asubuhi nne na siye, na jioni usiwashe ile balbu ya kwenu. Halafu Ijumaa Papa Direkta akupe interogasyo yako wewe mwenyewe. Kama unapata ishirini, Riziki atangoja mwaka kesho, na miye sitarudi hapa."

"Na kama sipati?" nikauliza.

"Utaona mwenyewe la kufanya. Si umesoma?"

Direkta akapiga meza kwa furaha. "Nakubali kwa niaba yake!"

Basi Jumanne alfajiri nikavuka daraja la Lukuga, viatu mkononi. Mwanangu, wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hii ni methali moja ambayo nimeipima kwa mwili wangu, sina swali nayo tena. Mitumbwi ilikuwa inaingia mmoja mmoja, taa zimezimwa, wanaume hawana sauti. Wanawake na wasichana walipokea vikapu, wakamwaga ndakala mchangani, wakawatawanya kwa kiganja upesi upesi, tabaka moja tu, mmoja asimlalie mwingine. Mimi nilimwaga chungu kama kichuguu.

"Angalieni mwalimu anajenga kilima!" mmoja akapiga kelele.

"Mwache, njo wanavyofundishwa Lubumbashi."

"Mwalimu, hao ni samaki, si mihogo! Fungua mukono!"

Riziki alikuwa upande wa pili, mgongo umeinama, mikono inakwenda kama ya mtu mzima. Hakunitazama. Nilipobaki nyuma, alikuja bila neno akaitengeneza safu yangu, kisha akarudi kwenye yake. Jua lilipotoka tulianza kugeuza na kufukuza kunguru. Kisha yeye akanawa mikono ziwani, akachukua daftari lake kwenye mfuko wa plastiki, akakimbia, na mimi nyuma yake. Tulifika shuleni kengele imekwisha kulia. Kwa kawaida, aliyechelewa alipiga magoti mbele ya ubao. Siku ile nilipita mbele ya ubao nikaenda mezani kwangu bila kupiga magoti, na Riziki akapita akakaa kwenye dawati lake.

Jumanne nilivumilia. Jumatano mgongo ulikataa kunyooka. Jioni nilikaa gizani barazani, nikitazama balbu za majirani, na mama yangu akaniuliza kama nimeweka nadhiri. Alhamisi nilisinzia nimesimama, chaki mkononi, na watoto wakaniamsha kwa kuimba.

Ijumaa direkta aliingia darasa la sita na karatasi ya hesabu za kichwa, zile zile nilizowapa watoto juma la mwezi wa giza lililopita. Unajua desturi: hesabu inasomwa mara moja, unaandika jibu kwenye kibao, msomaji anapiga makofi, vibao vinainuliwa juu. Aliniweka katika dawati la mbele, magoti yangu yakagusa kidevu.

"Sitwayeni Mwalimu, hakuna kuchungulia kwa jirani," akasema, na darasa zima likavunjika kwa kicheko. Riziki hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, na ndipo hapo, mwanangu, si mchangani, ndipo nilipoanza kuumwa.

Hesabu tano za kwanza nilizipata. Ya sita niliisikia mwanzo, mwisho wake ukanipotea. Ya tisa niliandika jibu la ya nane. Kabla ya ya kumi na tatu nilifumba macho kidogo tu, nikafumbua wakati wa makofi, kibao kikiwa kitupu. Mtoto wa reli aliyekaa nyuma yangu akanong'ona kwa huruma, "Mwalimu, ni arobaini na nane." Nikaliandika! Mimi, mwenye diploma, nilichungulia kwa jirani. Direkta aliona, akalikataa jibu lile.

Nilipata kumi na moja juu ya ishirini. Mimi niliyekuwa nimekula asubuhi zote nne, na nimetandika samaki kwa juma moja, si kwa miaka.

Siku ile ile, baada ya kulala kama gogo, nikachukua daftari langu na ile kalenda ya misioni iliyokuwa ukutani kwetu, yenye vijiduara vinavyoonyesha miezi. Nikaweka tarehe za interogasyo kando ya vile vijiduara. Alama za Riziki zilipanda na kushuka na mwezi, bila kukosa. Na si zake tu. Watoto wote wa mchangani walikuwa hivyo, wengine zaidi, wengine kidogo. Ushahidi niliokuwa nadai ulikuwa umelala kwapani mwangu muda wote.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuuliza, sikuishia hapo. Niliangalia juma lile la masika ambapo mvua iliangusha nguzo na umeme wa bwawa la Bendera haukutufikia. Watoto wa reli nao walikuwa wameshuka wote, hata yule wa arobaini na nane. Hakuna aliyewaita wezi. Hakuna aliyesema baba yao karani ndiye sababu. Tulisema tu, "Maskini, umeme ulikatika." Kwa mtoto wa balbu giza ni ajali. Kwa mtoto wa mvuvi, tulilifanya giza kuwa akili yake.

Jumatatu nikasimama mbele ya darasa. Nilimwambia Riziki kwamba nilikosea, kwamba zile kumi na sita zilikuwa zake, na nikalisema kwa sauti ile ile niliyomshtakia. Aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Ndiyo, Mwalimu," akasema, basi. Sikustahili zaidi. Kisha nikapeleka kwa direkta orodha mpya.

Direkta aliisoma, akavua miwani. "Nitaipeleka. Lakini nikuulize swali moja, wewe mwenye maswali. Mutihani wa Serikali unangoja mwezi?"

Tukatazama kalenda pamoja. Siku ya mtihani iliangukia katikati ya giza.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kujua sababu si kazi, ni mlango wa kazi. Ningeweza kuandika kitabu kizima kuhusu taa ya Mama Asukulu, na bado taa ingekwenda ziwani. Nikarudi mchangani, safari hii bila kubishana. Nikamwambia Mama Asukulu kwamba mama yangu ana balbu barazani inayowaka bure kwa ajili ya wadudu, na Riziki angeweza kuja kusomea kwetu juma la mtihani. Mama Asukulu akawaza siku mbili. Kwake halikuwa jambo dogo: mikono ya Riziki ilikuwa robo ya kazi yake, na hakuna balbu inayotandika samaki. Mwishowe akazungumza na wenzake wa kwaya kanisani, wakapanga zamu, kila asubuhi mmoja amalize yake kisha asaidie safu ya mwenye mtoto wa darasa la sita. Juma la giza lilipoingia, Riziki na wenzake watatu wakahamia kwetu, wakalala chumba cha nyuma, wakasoma barazani. Mama yangu aliwapikia bukari, ugali wetu, na alilalamika kila siku kwamba wanakula sana, na kila siku aliongeza unga.

Na zamu ya safu ya Mama Asukulu siku za Jumamosi, mwanangu, ilikuwa yangu. Sikujenga kilima tena.

Siku majina yalipobandikwa, Riziki alikuwamo. Hakuwa wa kwanza, nisikudanganye. Wa kwanza alikuwa mtoto wa reli, na alistahili. Mmoja kati ya wale wanne wa baraza letu alishindwa, akarudia mwaka. Lakini Riziki alikuwamo, na mama yake alivuka uwanja kama alivyouvuka mara ya kwanza, magamba mkononi, safari hii na beseni la ndakala wakavu kichwani. Akalitua mbele yangu.

"Mutoto wangu amepita. Na weye, mwalimu, ulipata ngapi vile?"

"Kumi na moja, Mama."

"Sema kwa nguvu, wenzangu hawajasikia."

Nikasema kwa nguvu. Wanawake wakapiga vigelegele. Toka siku ile jina langu la Juu-ya-Nini likafa, nikaitwa Mwalimu Kumi-na-Moja, na hata leo nikipita ng'ambo ya Lukuga, bibi mmoja mwembamba mwenye wajukuu hunipungia mkono na kuita, "Kumi-na-Moja, mwezi uko wapi?" Nami huinua macho nikatazama kweli, kisha nikamjibu.

Basi hii ndiyo nasaha yangu kwako, wewe uliyesoma, unayeshika daftari la watoto wa watu, au utakayelishika kesho. Sikukatazi kuuliza. Aliyesema kuuliza si ujinga hakukosea, na mimi bado nauliza. Mke wangu atakuambia. Lakini swali lako la kwanza lianze kwako mwenyewe: hiki ninachokiita akili ya mtoto, nimekipima lini, na siku ile nyumbani kwao kulikuwaje? Nyumba inampa mtoto au inamnyima, hilo ni kweli. Ukilijua hilo, usiligeuze kuwa hukumu juu yake. Vuka daraja. Tandika safu moja. Ukiona taa haipo, usiandike kwamba mtoto haoni. Na ukiwa na balbu barazani, sogeza kiti.

Nawe uliyezaliwa kwenye balbu, usijidharau, wala usijivune. Soma, na ukumbuke mwanga ule uliukuta. Nawe uliyezaliwa mchangani, usikubali mtu akuambie kwamba zile sita ndizo zako na zile kumi na sita umeiba.

Mungu akupe macho ya kuona mwezi uko wapi kabla hujashika kalamu nyekundu. Akupe moyo wa kusema "nilikosea" kwa sauti ile ile uliyokosea nayo. Na nyumba yako, iwe ya matofali au ya nyasi, isikose kamwe taa moja ya kubaki na watoto. Amina, mwanangu.